Bluu Kwenye Kitambaa

Jumatatu, 3 Juni

Daftari hili nilizawadiwa shuleni kwa kuwa wa kwanza katika Kemia. Walitaka nipande jukwaani nishukuru kwa Kiingereza. Nilipanda, nikafungua mdomo, nikashuka. Ndivyo nilivyo: kichwani nina lugha mbili, mdomoni sina hata moja. Basi nitaandika.

Leo Mama ametoa bunduki ya marehemu Babu kwenye kabati la chuma. Miaka tisa haijaguswa. Nguruwe mwitu wanamaliza mahindi ya shamba la bondeni, na kibali kimetoka juzi, jina la Mjomba likiwa chini ya jina la Mama. Mjomba ni mdogo wake Mama. Alirudi mwezi uliopita baada ya miaka saba ya kutojulikana yuko wapi, ana begi moja na kicheko kile kile. Mama hakumwuliza alikokuwa. Mimi pia sikuuliza, ila mimi huwa siulizi chochote.

Mama ana plasta mkono wa kulia mpaka kiwiko, aliteleza bafuni. Akanitazama.

"Utaisafisha wewe. Mikono yako, kichwa changu."

"Mjomba je?"

"Huyu? Huyu sufuria anaosha nje tu."

"Dada, ndani si kunafunikwa na chakula?" Mjomba akasema. Mama akacheka mpaka akashika plasta yake. Nilikuwa nimesahau kwamba Mama anacheka hivyo.

Jumanne, 4 Juni

Babu alikuwa mtunza ghala la silaha la kampuni ya mashamba. Alipoacha kazi aliishindilia bunduki yake grisi ndani na nje, kama mtu anayefukia mbegu. Sasa grisi imekuwa kama nta ya masikio: ya kahawia, inanata, ina harufu ya stoo. Nimeilainisha kwa mafuta ya taa, nikaikwangua kwa kijiti, nikafuta, nikarudia. Kucha zangu zimekuwa za fundi magari.

Mama alikaa kwenye kigoda akitoa amri. Fimbo iingie kwa nyuma itokee mbele, isirudi na uchafu. Vitambaa vikatwe sawa (nimekatakata shuka kuukuu). Na rangi zisomwe kwa mpangilio.

"Kwanza kahawia, hiyo ni grisi. Halafu nyeusi, masizi ya baruti. Mwisho bluu. Hiyo ni shaba ya risasi, inabaki ndani ya mtutu kila inapopigwa. Dawa ndiyo inayoitoa. Mtu anaweza kukudanganya, mwanangu. Bluu haidanganyi."

Kitambaa huzungushwa kwenye ncha ya fimbo. Ncha yetu ni ya mti mgumu, Babu aliichonga mwenyewe. "Tumia hiyo hiyo. Babu hakutaka nyingine." Nilitaka kujua kwa nini. Sikuuliza.

Chupa ya dawa Mama ameinunua mpya mjini. Inanuka kama mkojo wa paka na maelezo yake ni ya Kiingereza, akaniambia nimsomee kwa Kiswahili. Nilisoma sehemu kubwa. Mistari ya chini kabisa ilikuwa midogo kama mayai ya chawa na macho yalikuwa yananiwasha, nikamwambia, "Hapo ni anwani ya kiwanda."

Jumatano, 5 Juni

Masizi. Vitambaa kumi na saba vyeusi tititi.

Alhamisi, 6 Juni

Bluu imetoka! Si bluu ya wino, ni ya kuelekea kijani. Unaweka kitambaa chenye dawa, unasubiri, rangi inajitokeza polepole kama mtu mwenye haya anapoingia chumbani. Risasi alizopiga Babu kabla sijaanza hata darasa la kwanza. Nimekibana kitambaa kwa pini kwenye daftari la Kemia, nikaandika tarehe.

Jumamosi, 8 Juni

Vitambaa vitatu mfululizo, vyeupe. Mama amevitazama juani mbele na nyuma kama anayekagua noti bandia, akasema, "Imetakata." Nimechungulia ndani ya mtutu kuelekea dirishani. Mistari inazunguka na kuondoka mbali, inang'aa.

"Bubu wangu," Mjomba akasema, "umeiosha mpaka nimeionea aibu shingo yangu." Wengine wakiniita Bubu naumia. Yeye akiniita najisikia nina jina la nyumbani.

Jumatatu, 10 Juni

Utaratibu umeanza. Alfajiri Mama anafungua kopo lake la kufuli, anampa Mjomba risasi tano. Anakwenda bondeni. Saa mbili anarudi, anarudisha tano. "Leo hawakuja." Mimi nafuta umande, napitisha dawa, nakausha, napaka mafuta. Kitambaa cheupe.

Jumatano, 12 Juni

Ugomvi. Fahali wa jirani yetu, tunayemwita Mwenye Ng'ombe, amevunja ua na kulala ndani ya mahindi kama aliyepanga chumba. Mjomba alikwenda kumwita mwenyewe. Niliwasikia nikiwa nyuma ya ukuta.

"Mfunge mnyama wako, mzee."

"Wewe unayetoka usikojulikana ndiye wa kunifundisha kufunga?"

"Basi nikimkuta tena humo, utaalika watu waje kula nyama."

Mjomba alicheka aliposema. Mwenye Ng'ombe hakucheka.

Ijumaa, 14 Juni

Cheupe.

Jumamosi, 15 Juni

Nimevunja ncha ya Babu. Ilikwama katikati ya mtutu, nikasukuma kwa hasira, ikalia ta! Niliitoa kwa shida, vipande viwili. Mama alikuwa dukani kwake. Kile ndicho kitu pekee kilichobaki chenye alama za kisu cha baba yake. Hukishika wakati mwingine bila sababu.

Chini ya sanduku la Babu nimeikuta ncha nyingine, ya shaba ya njano, imefungwa kwenye karatasi ya nta, mpya kabisa. Imekaa kwenye fimbo sawasawa. Ile iliyovunjika nimeitupa chooni. Sitamwambia. Nikimwambia atanyamaza, na kunyamaza kwa Mama ni kubaya kuliko kofi.

Jumapili, 16 Juni

Kitambaa kimetoka bluu.

Nimerudia. Bluu.

Imenichukua chai nzima kukusanya sauti. "Mjomba, leo umepiga?"

"Nguruwe? Aa. Hawakuja." Hakunitazama. Alikuwa amekishika kikombe kwa mikono miwili kama ana baridi, na baridi haikuwepo. Risasi alirudisha tano. Lakini nani amesema risasi zinapatikana kwenye kopo la Mama tu?

Jumatatu, 17 Juni

Bluu.

Jumanne, 18 Juni

Fahali wa Mwenye Ng'ombe amepigwa begani. Wamemkuta asubuhi amesimama ukingoni mwa shamba letu, damu imegandia mpaka kwato. Hajafa. Mwenye Ng'ombe amekuja uani akipiga kelele majirani wote wakatoka: "Mlisema! Mlisema wenyewe nitaalika watu!"

Mjomba akageuka akaingia ndani. Yeye, ambaye ana neno kwa kila kitu.

Nilisafisha bunduki. Bluu. Masizi hayakuwepo. Labda ameyafuta kwa leso kabla hajarudi. Mtu aliyekaa miaka saba kusikojulikana atakuwa anajua kufuta mambo.

Alhamisi, 20 Juni

Nimeanza kumchunguza. Viatu vyake vina tope jekundu, na bondeni tope ni jeusi. Tope jekundu liko kilimani, upande wa Mwenye Ng'ombe. Sauti yake imekwaruza kama amepiga kelele, na anasema ni vumbi. Mifukoni ana kijiti kimechubuka kichwa. Mezani anaacha kikombe nusu, hakiinui mbele yetu mpaka tuangalie kwingine.

Na utani wake, nimeusikiliza vizuri. Kila Mama anapokaribia kuuliza kitu, utani unatokea. Nilikuwa nikidhani ni mtu mwenye furaha. Sasa naona ni mtu anayefunga milango.

Jumamosi, 22 Juni

Bluu. Yaani bado anapiga! Anapiga nini?

Jumatatu, 24 Juni

Nitaandika yote.

Saa nne Afande alikuja. Ni yule mnene wa kituo kidogo cha polisi, mwenye kalamu tatu mfukoni na zote hazitoki wino. Mama alikuwa dukani, Mjomba shambani. Akaomba maji, akakaa kwenye kigoda cha Mama, akaiomba bunduki kabatini nikaitoa. Akaivuta komeo, akanusa.

"Imesafishwa mno hii. Nani anaisafisha?"

Nikajionyesha kwa kidole.

"Kila siku?" Nikaitikia kwa kichwa. "Binti, mimi nina mtoto kama wewe. Haongei, lakini anaona kila kitu. Wewe umeona nini?"

Angenifokea ningekaa kimya mpaka kesho. Hakunifokea. Alisubiri, akanywa maji, akasubiri tena. Hakuna mtu aliyewahi kunisubiri hivyo. Nikaenda chumbani nikaleta daftari la Kemia, vitambaa vikiwa vimebanwa kwa pini: vyeupe, vyeupe, vyeupe, halafu tarehe 16, bluu, mpaka juzi, bluu. Nikamweleza. Mimi! Nikaeleza shaba, dawa, mtutu, kwa sentensi kamili, na yeye akaandika kwa penseli yangu. Sikusema kuhusu ncha. Sikuona inahusu nini.

"Mama yako anasemaje kuhusu hii rangi?"

"Anasema haidanganyi."

"Umefanya vizuri, binti."

Naungama hapa kwa kuwa hakuna pengine: nilifurahi. Kwa muda wa glasi moja ya maji nilifurahi kuliko siku ya zawadi.

Saa nane walimchukua Mjomba kutoka shambani, na bunduki, na daftari langu la Kemia. Mama alifika anahema, plasta imeloa jasho. "Nani kawaambia nini?" akauliza ua mzima. "Ni yule mzee tu na fahali wake!" Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake.

Jumanne, 25 Juni

Mama amempelekea chakula. Wamekipokea mlangoni, hajamwona.

Jumatano, 26 Juni

Amerudi na chakula vilevile. Mjomba amekataa kula. Aliyekileta nje alimwambia Mama, "Amesema chakula cha dada yake hakipiti kooni." Mama ameosha vyombo kwa mkono mmoja, akakataa nimsaidie.

"Mimi nimemfanya nini?" ananiuliza. Mimi!

Alhamisi, 27 Juni

Nimeamka nikaenda stoo nipange vitu, maana kukaa kulinishinda. Fimbo ilikuwa imesimama kwenye kona nilipoiacha Jumatatu. Wakati Afande anabisha hodi nilikuwa nimeshazungusha kitambaa kipya na kukiloweka dawa, nikakiacha hapo hapo kwenye ncha. Hakikuingia kwenye mtutu. Bunduki iko kituoni siku ya nne leo.

Kitambaa ni bluu.

Nimekaa chini, sakafuni penye mafuta. Nimekifungua. Ncha ya shaba ya njano chini yake imepauka, na kitambaa kimebeba umbo lake lote, bluu iliyokolea kuliko zote.

Nikachukua chupa. Mistari midogo kama mayai ya chawa. Inasema dawa hii hula shaba ya aina yoyote, na vifaa vya shaba visiachwe ndani yake. Si anwani ya kiwanda. Mwanafunzi wa kwanza katika Kemia.

Hakupiga. Hakupiga hata mara moja. Rangi yote ile ilikuwa yangu.

Nimekwenda dukani. Kulikuwa na wateja wawili, nikasubiri waondoke, akaingia wa tatu. Nikasema mbele yake. Kuhusu ncha ya Babu, kuhusu choo, kuhusu chupa, kuhusu Afande na daftari. Mama aliendelea kupima sukari ya yule mteja mpaka mwisho, akafunga mfuko kwa meno kwa sababu ya mkono. Mteja alipotoka akafunga duka, saa tano asubuhi.

"Twende."

"Mama, nisamehe kwa ile ncha..."

"Ncha!" Ndilo neno pekee njia nzima.

Kituoni Afande alitusikiliza akiwa amesimama. "Binti, juzi ilikuwa haidanganyi. Leo inadanganya. Kesho?"

Nikatoa mfukoni fimbo niliyoifungua vipande, chupa, kitambaa kipya cheupe. Nikakizungusha kwenye ncha ya shaba mezani kwake, nikatia dawa matone manne, nikaweka juu ya karatasi.

"Halafu?"

"Tunasubiri," nikasema.

Tulisubiri. Ofisi ilinuka mkojo wa paka. Askari wa pili alichungulia, akauliza nani amefanya hivyo, akafukuzwa. Mama alikuwa akitazama ukuta. Mimi nilitazama kitambaa na nikaogopa kwamba leo, kwa makusudi, hakitabadilika. Dakika kumi. Kisha pembeni, kama ukungu, ikaanza. Afande akavaa miwani. Akakifungua kwa ncha ya kalamu isiyotoka wino, akakitazama sana.

"Na masizi?" akauliza. "Risasi ikipigwa huacha masizi. Kwenye daftari lako, baada ya tarehe kumi na sita, masizi yako wapi?"

"Hayakuwepo."

"Na hukushangaa?"

"Nilidhani ameyafuta."

Akakaa. Akachukua simu, akampigia daktari wa mifugo anayemtibu fahali, akamwuliza kimetoka nini begani. Akasikiliza, akasema ahaa, mara tatu. Kilichotoka ni vipande vya msumari na kichwa cha boliti. Hiyo ni gobole ya kienyeji. Bunduki ya kiwandani haitemi misumari.

"Kimetoka tangu lini?" Mama akamwuliza. Alimwuliza taratibu.

"Tangu Jumatatu jioni."

"Na hukumpigia?"

Afande akaanza kupanga kalamu zake. "Nilishakuwa na rangi, mama."

Akamtoa Mjomba. Ndevu zimeota, zina mvi ambazo sikuzijua. Aliposimama mlangoni alimtazama Mama kwa jicho ambalo sijaliona kwa ndugu yeyote.

"Umekuja kuniona, dada? Kwamba nimefungika vizuri?"

Mama hakuelewa. Mimi nilielewa. Chakula kisichopita kooni. Alidhani ni Mama aliyemsema. Kwani nani mwingine nyumbani anajua kusoma rangi?

Afande alitaka tu asaini aondoke. Angeweza kusaini, na nisingejulikana. Nilifikiria hivyo, naandika ukweli, nilifikiria kwa muda wa kutosha.

"Mjomba, ni mimi," nikasema. "Mama hakujua. Ni mimi niliyempa Afande vitambaa."

Alinitazama, akamtazama Mama, akashika ukuta.

"Siku nne," akasema. "Siku nne nimemlaani mtu humo ndani. Nimemlaani mpaka maziwa ya mama tuliyonyonya." Akainua mikono yote miwili mbele yetu. Ilikuwa inatetemeka, si kidogo, kama majani. "Hii hapa. Mnaiona? Kikombe siwezi. Mimi nikimlenga nguruwe nitaangusha mwezi. Niliacha pombe, mikono haikuacha. Ungeniuliza tu, wewe mtoto. Ungeniuliza."

"Nilikuuliza kama umepiga," nikasema.

"Nikakujibu."

Ni kweli. Alinijibu.

Tuliporudi walitembea mbele wawili. Alibeba mkoba wa Mama. Mara moja Mama alisimama kabisa, akampiga mgongoni kwa mkono wake mzima, kwa nguvu, halafu akauacha mkono pale pale. Hakuna aliyegeuka kuangalia kama nafuata.

Jumapili, 30 Juni

Wananisalimia. Wananipa chakula. Mjomba hatanii nikiwepo.

Mwenye Ng'ombe amekuja kuomba radhi, akakaa muda mrefu zaidi ya radhi. Hapa mtaani sasa kila mtu anamtazama mwenzake akijiuliza nani ana gobole. Mimi simtazami mtu. Nimejiona ninavyotazama.

Jumanne, 2 Julai

Nimemwuliza Mama kama ninaweza kuchonga ncha nyingine. Amesema mti ule mgumu haupatikani tena. Baadaye kidogo akasema, "Jaribu."

Ijumaa, 5 Julai

Saa kumi na moja alfajiri mlango wangu umegongwa. Mjomba, bila bunduki. "Vaa viatu."

Hatukwenda bondeni moja kwa moja. Tulipanda kilimani, kwenye tope jekundu, mahali nguruwe wanapoteremkia. Kuna madebe mawili yamening'inizwa kwenye mti, yamebonyea kila upande. Alfajiri zote zile alikuwa akifanya hivi: anapiga debe, anapiga kelele, wanageuka. Bunduki alikuwa anaibeba tu, ili Mama asijue kwamba amemwombea kibali mtu asiyeweza kulenga.

Akanipa kijiti. Mahindi chini yetu yalikuwa yamekauka vizuri, siku tatu au nne tuvune. Kwenye vichaka kitu kikasogea, kikakoroma.

"Piga kelele," akasema.

Nikapiga debe.

"Nimesema kelele. Ile sauti uliyompa Afande, nipe na mimi."

Nikafungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa kidogo, kama mtu aliyekanyagwa. Vichakani wakatulia kusikiliza. Mjomba hakucheka. Alisimama karibu yangu, mikono inamtetemeka, akitazama chini kwenye mahindi.

"Tena," akasema.